Supu ya Mrija

Julai, Jericho. Baridi inaingia kwa mlango wa nyuma
bila hodi, kama mwenye nyumba.
Musyimi yu kitandani, blanketi hadi kidevuni,
taya limefungwa waya tangu alipoteleza jukwaani kule Kileleshwa,
ghorofa ya pili, karai la zege begani.
Wiki sita, alisema daktari. Chakula kipite kwenye mrija:
kizito cha kumshibisha, laini cha kumpita.

Maziwa humsokota tumbo tangu utotoni.
Krimu niliiona dukani, kikopo kidogo kama cha mafuta ya kujipaka,
nikasoma bei, nikakirudisha rafuni
taratibu, kama anayemlaza mtoto wa wenyewe.

Basi nikaenda Muthurwa.
Kwa Wangeci nikachagua waru za Kinangop, udongo bado machoni,
karoti, liki mbili za shingo nyeupe,
na nusu boga: alilipasua kwa panga, likalia kama bawaba.
"Hivi vyote ni vya wageni?"
Ni vya mtu mmoja, nikamwambia, asiyeweza hata kupiga mwayo.

Nyumbani maharagwe meupe yalikuwa yamelala majini usiku kucha,
ngozi zimejikunja kama vidole vya dobi.
Hayo nikayatanguliza jikoni, saa nzima na ushee.

Kisha kitunguu. Usikiharakishe.
Kitunguu kikiungua, supu nzima hubeba kinyongo.
Moto uwe mdogo, wa kunong'ona,
hadi kiwe kama kioo, kisahau ukali wake.
Ndipo liki, ndipo saumu, ndipo vingine vyote,
maji ya kufunika tu, mfuniko juu,
nawe ukae.

Tulikaa. Alinitazama,
huyu ndugu yangu aliyekuwa akibishana na redio,
aliyepinga hata bei ya kiberiti.
Wiki ya tatu sasa. Akitaka maji anainua kidole.
Daftari nililomnunulia bado jeupe,
penseli juu yake haijachongwa.
Nilichonga mimi, nikaiweka palepale.

Blenda niliazima kwa Mama Moraa.
Ikanguruma, ikazunguka mara mbili,
tokeni zikaisha.
Na simu haikuwa na shilingi.
Nikawasha mshumaa, nikatoa chekecheke la marehemu mama, lile la uji,
na mwiko wake ulioliwa upande mmoja na miaka ya ugali.

Waru zilikubali mara moja. Boga halikuwa na neno.
Maharagwe ndiyo yaliyobisha:
ngozi zikakwama wavuni,
nikasukuma, nikageuza, nikasukuma,
bega likawaka, jasho katikati ya Julai,
na chini, ndani ya sufuria,
kikaanza kudondoka kitu cha rangi ya kuta za shule zilizopakwa upya,
ute usiotoka kwa ng'ombe yeyote.
Ukipitisha mwiko, unaacha njia,
na njia inajifunga polepole nyuma yake.
Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kisha maji ya maharagwe kidogo, isije ikauziba mrija,
mafuta ya alizeti, pilipili manga ya kunusia tu.

Akavuta. Mashavu yakabonyea.
Akapumzika, akavuta tena, macho yamefumbwa,
hadi mrija ukakoroma chini ya kikombe.
Halafu mkono ukatoka blanketini, ukapapasa, ukaomba daftari.
Nikamsogezea mshumaa.
Aliandika neno moja
akalipigia mistari miwili chini:

*Chumvi.*

Nilicheka hadi nikaegemea ukuta.
Nikaenda kuitafuta gizani,
nikigonga kila kikombe kilichokuwa njiani,
na nyuma yangu nikasikia penseli
ikiendelea kukwaruza karatasi.